Ya mlingoti au ya mkono? Foklifti ya ardhi mbovu na telehandla kwenye saiti ya ujenzi

Ukipiga simu kutaka mtambo wa kupandishia matofali, ukasema tu "nataka Manitou", usishangae ukiletewa kitu ambacho hukukikusudia. Jina la kiwanda hicho cha Ufaransa limeshageuka jina la mtambo midomoni mwa mafundi, kama vile JCB ilivyogeuka jina la kila mtambo wenye kijiko mbele na nyuma. Kasheshe ni kwamba Manitou wanatengeneza vyote viwili: foklifti yenye mlingoti wima na tairi kubwa za kupita ardhi mbovu, na telehandla, ile yenye mkono unaochomoza kipande kutoka ndani ya kipande kama antena ya redio. JCB nao wanatengeneza vyote viwili. Kwa hiyo jina la kiwanda halikusaidii. Sema ya mlingoti au ya mkono, na kabla ya kusema, ujue kwa nini.

Nimesimamia saiti za kutosha kuona watu wakichagua kwa swali moja: "Inabeba tani ngapi?" Swali hilo halitenganishi kitu. Foklifti nyingi za ardhi mbovu hubeba kati ya tani 2.5 na 4, na telehandla nyingi za ujenzi ziko humohumo. Swali linaloamua ni hili: tairi za mbele zitasimama wapi, na mzigo utatua wapi? Chukua tepu, pima nafasi iliyo kati ya sehemu hizo mbili, kwa usawa wa ardhi na kwenda juu. Vipimo hivyo viwili vitakuchagulia mtambo vizuri kuliko maneno matamu ya mwenye yadi.

Mtaro wa mita mbili

Mimi somo hili nililipia Dodoma. Tulikuwa na hosteli ya ghorofa mbili, nikakodi foklifti ya tani 3 inayopandisha mita 5 na ushee. Slabu ya kwanza, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ilikuwa mita 3.4 kutoka ardhini. Kwenye karatasi mtambo ulitosha na chenji ikabaki.

Mtambo ulipofika nikakuta fundi wa mifereji ameshachimba mtaro wa maji ya mvua kuzunguka jengo, na upande wa barabara majukwaa ya wapiga plasta yamesimama. Tairi za mbele zikaishia mita mbili kutoka ukutani. Meno ya foklifti ile, vile vyuma viwili vinavyoingia chini ya paleti ya mbao kuibeba, yalikuwa na urefu wa mita 1.2. Paleti ikapanda vizuri kabisa, ikafika usawa wa slabu, kisha ikabaki inaning'inia hewani huku vibarua wakiinama kutoka kwenye jukwaa kuvuta tofali mojamoja. Nikasimamisha kazi ile kabla mtu hajaanguka. Siku mbili zilizofuata matofali yalipanda mabegani, na mtambo niliokwisha kuulipia ukawa unapanga paleti uani. Mtambo haukuwa na kosa lolote. Aliyekosea ni mimi niliyepima urefu wa kwenda juu nikasahau wa kwenda mbele.

Tofauti yote ya mitambo hii imekaa kwenye mita mbili zile. Foklifti lazima ikaribie. Inataka karibu kugusa ukuta, au angalau tairi zake zifike pale ambapo meno yatavuka ukingo. Telehandla inasimama ng'ambo ya mtaro, inapitisha mkono juu ya jukwaa, inaweka paleti ndani ya slabu, inarudi. Ikiwa jengo lako lina msingi ulio wazi, mitaro, majukwaa pande zote au rundo la mchanga ambalo hakuna wa kulihamisha, umeshapata jibu hata kabla ya kuuliza bei.

Trekta iliyogeuzwa

Asili ya foklifti hii inaeleza tabia zake. Mwaka 1958, huko Ancenis magharibi mwa Ufaransa, Marcel Braud alichukua trekta akaigeuza: dereva akatazama ilikokuwa nyuma, na mlingoti ukafungwa upande wa tairi kubwa. Hadi leo umbo ni lilelile. Tairi kubwa zinazosukuma ziko mbele chini ya mzigo, na tairi za kukata kona ziko nyuma. Dereva aliyezoea lori atashtuka mara ya kwanza, maana akikata kona mkia unatoka nje na kusomba kilichosimama karibu. Saiti yenye vibarua wengi, jambo hilo linahitaji mtu wa kuangalia nyuma muda wote.

Faida yake ni urahisi. Mzigo unapanda wima, palepale ulipo. Opereta anayetoka kwenye ghala la bandarini anaielewa asubuhi hiyohiyo: kupandisha, kushusha, kuinamisha mlingoti mbele na nyuma. Uwezo ulioandikwa kwenye kibao chake, unaohesabiwa kwa kitovu cha mzigo kilicho sentimita 50 au 60 kutoka shina la meno, haubadiliki sana isipokuwa mlingoti ukikaribia mwisho wake. Ikisema tani 3, kwa sehemu kubwa ya kazi ni tani 3 kweli.

Telehandla haina uaminifu wa namna hiyo. JCB walipoanza kuuza Loadall mwaka 1977, walichokuwa wanauza hasa ni umbali: mtambo wa saiti unaoweza kunyoosha mkono kwenda mbele. Na umbali una gharama yake. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha inyooshee mkono mbele. Ndoo ni ileile, maji ni yaleyale, ila bega linajua. Telehandla ya tani 4 inayofika mita 16 na ushee, mfano JCB 540-170, inabeba hizo tani 4 mkono ukiwa umekunjwa na mzigo uko karibu. Mkono ukinyooshwa wote kwenda mbele, uwezo unashuka chini ya tani moja. Mtambo mmoja, uzito tofauti zaidi ya mara nne.

Na mzigo wake haupandi wima, unachora upinde. Ukiinua mkono, mzigo unarudi kuelekea kwenye mtambo. Ukiushusha, mzigo unakwenda mbali zaidi. Opereta mzuri anacheza na mambo mawili kwa pamoja, kuinua na kuchomoza, ili paleti ionekane kama inakwenda moja kwa moja. Asiye na uzoefu anaigonga slabu kwa chini.

Kusoma jedwali

Ndani ya kabini ya telehandla kuna jedwali la mizigo: mchoro wenye mistari ya upinde, ukionyesha kila urefu na kila umbali unaruhusu kilo ngapi. Pembeni mwa mkono kuna kipimo cha nyuzi za mwinuko wake, na kwenye mkono wenyewe kuna herufi au namba zinazojitokeza kadiri unavyochomoza. Opereta anasoma vitu hivyo viwili, anarudi kwenye mchoro, anapata jibu.

Tufanye hesabu moja. Tofali la saruji la inchi 6 nalihesabu kilo 30, hasa likiwa bado na unyevu. Paleti ya matofali 60 ni kilo 1,800, weka na mbao za paleti yenyewe. Unataka ifike slabu ya tatu, mita 9.6 juu, na kutoka tairi za mbele hadi mahali pa kutua ni mita 4. Unaangalia mchoro kwenye sehemu hiyo. Tuseme umekuta eneo lile linaruhusu kilo 1,500. Paleti yako haiendi. Huombi radhi, hubahatishi kwa kuwa "mtambo ni wa tani 4". Unapunguza matofali yabaki 45, unapata kilo 1,350, unapandisha. Safari zinaongezeka, na hapo ndipo bei halisi ya telehandla inapoanza kuonekana: ulikodi kwa siku, ila unacholipia ni safari.

Kuna jambo ambalo ningependa kila fomeni alijue hata kama hataendesha mtambo maisha yake yote. King'ora cha mzigo kikilia huku mkono umenyooka, hisia ya kwanza ya mtu ni kushusha mzigo chini haraka. Ndiyo hisia inayoangusha mtambo, kwa sababu kushusha mkono kunaupeleka mzigo mbele zaidi na tairi za nyuma zinazidi kuwa nyepesi. Kwanza rudisha mkono ndani. Ukisharudi, ndipo ushushe.

Na king'ora hicho kinasikiliza upande mmoja tu. Kinapima mtambo kuelemea mbele. Kuanguka ubavu hakikujui.

Ardhi

Zote mbili zinaitwa mitambo ya ardhi mbovu, na watu huchukua neno hilo kama ruhusa ya kwenda popote. Tairi kubwa zinakuvusha kwenye matope. Hazikuhakikishii kwamba ukisimama hapo na kupandisha mzigo utabaki umesimama.

Chukua telehandla yenye takriban mita 1.9 kati ya tairi za kushoto na za kulia. Tairi moja ikizama sentimita 2 tu, kitu ambacho kwa macho hukioni, mzigo ulio mita 14 juu unasogea pembeni karibu sentimita 15. Ongeza tairi yenye upepo pungufu na upepo wa jioni unaopiga paleti. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa kama gundi wakati wa masika, sentimita 2 ni kama salamu. Mchanga wa Kigamboni una ugomvi wake: unaonekana mgumu asubuhi, mchana mtambo umeshachimba mashimo pale pale unapogeukia.

Telehandla nyingi za kati na kubwa zina majibu mawili. La kwanza ni kusawazisha fremu, kuinamisha mwili wa mtambo nyuzi chache kushoto au kulia kabla ya kuinua mkono. Hilo hufanywa mkono ukiwa chini. Kulifanya mzigo ukiwa juu ni kuchezea kaburi. La pili ni miguu ya mbele inayoshushwa kama jeki. Miguu hii inaongeza uwezo sana, na jedwali lina ukurasa wake wa miguu ikiwa chini. Lakini inakusanya uzito mkubwa kwenye vibati viwili vidogo. Telehandla ya mita 17 yenyewe ina takriban tani 12 kabla hujaipa mzigo. Weka mbao nene chini ya miguu, na usiisimamishe kando ya shimo la choo lililofukiwa juzi. Kila saiti ya mjini ina shimo kama hilo na hakuna anayekumbuka liko wapi, isipokuwa mlinzi. Muulize mlinzi.

Foklifti ni nyepesi zaidi, nyingi ziko tani 5 hadi 7, na haipandi juu kiasi cha kuogopesha. Kwenye uwanja uliosindiliwa kifusi inapiga kazi siku nzima bila maneno. Kwenye mteremko, mitambo yote miwili ina kanuni moja: ukiwa na mzigo, mzigo uangalie mlimani, meno yakiwa chini karibu na ardhi.

Pale foklifti inaposhinda

Nimesema mengi juu ya mkono, sasa nimtendee haki mlingoti. Kazi nyingi za saiti si kupandisha. Ni kushusha lori, kupanga, kusogeza saruji kutoka stoo hadi kwenye mashine ya zege, kuhamisha paleti kwa sababu gari la kokoto linataka kupita. Kwa kazi hizo kukodi telehandla ya mita 17 ni kumtuma ng'ombe kubeba bahasha.

Paleti ya mifuko 40 ya saruji ni tani 2. Foklifti ya tani 3 inaichukua, inageuka mahali padogo, inaiweka, inarudi. Telehandla nayo inaweza, lakini ni ndefu, na upande wa kulia wa opereta mkono umelala ukimziba macho. Zenye tairi nne za kukata kona zinasaidia, na zile zinazotembea kwa ubavu kama kaa zinapendeza kweli kwenye njia nyembamba kando ya ukuta. Bado, kwa kushusha trela 3 kwa siku kwenye yadi ya matofali, foklifti inamaliza mapema na mafuta yanabaki. Angalizo moja: trela ina paleti safu mbili kwa upana. Foklifti inachukua safu ya upande wake, kisha inazunguka kufuata ya pili. Kama trela imeegeshwa imebana ukuta, utailazimisha isogee. Telehandla ingevuka juu.

Ujenzi wa magodauni ya chini, nyumba za kawaida, kiwanda cha matofali, uzio wa shule: mlingoti. Ila pima mlango kwanza. Mlingoti hata ukiwa umeshuka wote unabaki umesimama wima mbele ya mtambo, wakati telehandla mkono wake unalala mgongoni. Nimeona foklifti ikizuiwa na boriti ya geti ambalo telehandla ya mita 17 ilipita chini yake bila kugusa.

Nondo hazifurahii mtambo wowote kati ya hii miwili. Nondo ya milimita 16, mita 12, ina kilo 19 hivi. Fungu la 50 ni karibu kilo 950. Uzito si tatizo. Tatizo ni ncha mbili zinazoinama na kufagia watu pande zote. Telehandla ikifungwa ndoano badala ya meno, na fungu likashikwa kwa mikanda sehemu mbili, na watu wawili wakashika kamba zilizofungwa kwenye ncha, kazi inawezekana. Jedwali la ndoano ni tofauti na la meno, kwa hiyo usisome lile la jana.

Hapo ndipo telehandla inapojilipia kwa wanaojua kuitumia. Asubuhi meno, mchana ndoano, jioni kijiko cha kukusanya kifusi. Kuna hata kikapu cha kupandishia watu, lakini kiwe kile kilichotengenezwa kwa ajili ya mtambo huo, chenye vidhibiti vyake ndani. Msaidizi wa fundi aliyesimama juu ya paleti kwenye meno hayumo kwenye kikapu. Kwangu mimi opereta anayekubali kumpandisha mtu hivyo anateremka kwenye mtambo siku hiyohiyo.

Kukagua kabla ya kulipa

Mitambo mingi tunayoipata ni ya mtumba, na matatizo ya kila mmoja yana mahali pake pa kujificha.

Foklifti ni karibu kitabu wazi. Simama mbele ya mlingoti uangalie minyororo miwili: iwe na mkazo sawa, isiwe na kutu iliyokula pini. Angalia roli zinazopita kwenye reli, silinda zinazovuja, na meno yaliyopungua unene kwenye kona kwa kuburuzwa chini. Fundi wa kawaida wa mitambo atakutengenezea mengi ya hayo mtaani.

Telehandla inaficha. Ndani ya mkono mna minyororo na paipu za haidroliki zinazopita toka mwanzo hadi mwisho, na vipande vya plastiki ngumu vinavyozuia chuma kisisuguane na chuma. Vikilika, mkono unacheza. Jaribio ni rahisi: mwambie opereta anyooshe mkono chini chini bila mzigo, ushike mwisho wake, utikise kushoto na kulia. Ukisikia kugonga kama mlango wa daladala, jua kuna kazi inakungoja. Paipu moja ikipasuka ndani ya mkono, kuibadilisha inaweza kula siku nzima, na siku hiyo slabu inakusubiri.

Kisha ujaribu king'ora. Niliwahi kuletewa telehandla safi, rangi mpya, tairi nzuri. Nikamwomba opereta achomoze mkono na paleti ndogo hadi taa za king'ora zibadilike rangi. Hazikubadilika. Tukafungua kifuniko, tukakuta waya za kihisi zimekatwa na kuunganishwa moja kwa moja, na mkanda mweusi umezungushwa vizuri kama zawadi. Mtambo ule ulirudi ulikotoka juu ya lobedi ileile, trela la chini la kubebea mitambo, na gharama ya lobedi tukagombania wiki nzima.

Kwa Tanzania, mitambo ya kunyanyulia iko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kenya wana sheria yao ya 2007. Omba cheti cha ukaguzi cha mtambo, si nakala ya cheti cha mtambo unaofanana nao. Linganisha namba ya chasisi. Na cheti cha opereta kitazame kimeandikwa nini, kwa kuwa aliyefundishwa foklifti ya mlingoti hajafundishwa kusoma jedwali la mkono. Kupata opereta wa foklifti ni rahisi. Wa telehandla anayesoma jedwali kweli ni wa kutafuta, na bei ya kukodi isikufanye usahau kumtafuta.

Simu yenyewe

Kwa jengo la ghorofa mbili hadi tatu lenye ardhi ya wastani, siku hizi huwa sichukui lile dude la mita 17. Naanza kuulizia telehandla ndogo ya mita 6 au 7, zile za tani 3. Inashusha lori karibu kama foklifti, inafika slabu ya kwanza hata kukiwa na mtaro, na lobedi yake si ya kutisha. Slabu za juu nazipangia siku zake maalumu: matofali yote, saruji yote na mbao zote zinasubiri zimepangwa kwenye paleti, mkono mrefu unakuja siku mbili, unapandisha kila kitu, unaondoka. Saiti ambayo kazi yake ni yadi na stoo, foklifti inakaa mwezi mzima.

Hivyo nikipiga simu nasema: ya mkono, mita 7, nione jedwali lake kwenye picha kabla haijapakiwa, na picha ya kibao cha namba. Mwenye yadi akijibu "bosi, hii inabeba tani 3 popote", nakata simu kwa adabu na kumpigia mwingine.